Mlango wa juu au wa mbele? Mashine ya kufulia na maji ya Maswa

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa, yapata saa nne na robo, umeme ulipokatika nyumbani kwa dada yangu mjini Maswa. Hilo peke yake si habari. Lakini siku ile kanzu tatu nyeupe, moja ya shemeji yangu na mbili za wanawe, zilikuwa ndani ya mashine mpya ya kufulia, zimelowa maji ya povu nyuma ya kioo cha mviringo, na mlango umejifunga. Shemeji alivuta kitasa kwa upole, kisha kwa nguvu, kisha akainama akazitazama kanzu zake kama mtu anayemtazama nduguye kupitia dirisha la garimoshi lililokwisha kuanza kuondoka. Hadi saa sita na nusu umeme haukuwa umerudi. Alikwenda kuswali Ijumaa kwa msuli na shati la juzi. Wanawe wakamfuata na sare zao za shule.

Nyumba ya tatu kutoka pale, jirani yao naye alikuwa akifua. Yake ni mashine ya mapipa mawili, ya mlango wa juu, ile ya plastiki inayouzwa katika maduka mengi ya vyombo Mwanza na Shinyanga. Umeme ulipokatika alifunua kifuniko, akazitoa nguo kwa mkono, akazisuuza katika beseni, akaanika. Adhana ilipoadhiniwa nguo zake zilikuwa zimekwisha kukauka kambani, maana jua la Maswa halina mzaha.

Tangu siku hiyo nimelichukulia kwa uzito swali ambalo zamani niliona ni la madukani tu: mashine ya mlango wa juu na ya mlango wa mbele, ipi ni bora? Muuzaji atakuambia kwamba ya mbele ni ya kisasa na ya juu ni ya kizamani. Jibu hilo si la kweli. Huko duniani zipo nchi tajiri ambazo hadi leo watu wake hufua kwa mlango wa juu, na zipo nyingine ambazo vijana wake hawajapata kuiona mashine ya namna hiyo. Kila nchi iliuweka mlango pale palipofaa kwa maji yake, umeme wake na ukubwa wa nyumba zake. Nasi tunaonunua mashine zilizobuniwa kwa ajili ya nyumba za wenzetu, yatupasa kwanza kuyatazama maji yetu.

Tuanze na namna zinavyofanya kazi, kwani mlango ni dalili tu. Siri yenyewe imo katika pipa. Mashine ya mlango wa mbele ina pipa lililolazwa ubavuni. Linapozunguka huzinyanyua nguo mpaka juu na kuziachia zianguke chini kwa uzito wake. Ni kazi ile ile ya mama anayepiga nguo juu ya jiwe la mtoni, isipokuwa hapa jiwe ni pipa lenyewe. Kwa kuwa nguo huanguka, hazihitaji kuelea, na maji machache chini ya pipa yanatosha. Mashine ya sasa yenye kubeba kilo sita au saba hutumia kiasi cha lita 50 tu kwa mkupuo mmoja, kuanzia kuosha hadi kusuuza.

Mashine ya mlango wa juu pipa lake husimama wima. Ndani yake mna nguzo yenye mapezi, au sahani iliyoketi chini kama pangaboi, inayoyavuruga maji. Hii ni kazi ya mikono katika beseni. Nguo lazima zielee ndipo zizunguke, na kwa hiyo maji lazima yazifunike. Mashine kubwa za Kimarekani za zamani ziliweza kumaliza lita 150 kwa mkupuo mmoja, yaani madumu saba na nusu. Wenye kuteka maji kwa dumu watanielewa upesi.

Basi msomaji atasema: ikiwa ya mbele hutumia theluthi ya maji, si ndiyo ifaayo kwetu tulio na shida ya maji? Hapo ndipo penye utata. Mashine iokoayo maji ndiyo hiyo hiyo idaiyo maji yasiyokatika. Haitaki ndoo. Hutaka bomba lenye msukumo, kwani huchota maji yenyewe kidogo kidogo kila inapoyahitaji, mara nne au tano katika saa moja na nusu. Nyingi huhitaji msukumo wa angalau nusu baa, na nusu baa ni maji yaliyo katika tenki lililoinuliwa kiasi cha mita tano juu ya mashine. Tenki la dada yangu limekaa juu ya mnara wa matofali wa mita mbili na nusu. Mashine hungoja maji, hungoja, kisha huwasha taa nyekundu na kusimama.

Kaka yetu aliyeituma hakufanya hivyo kwa ujinga. Amekaa Muscat kwa miaka mingi, na kule mashine kama hiyo imemtumikia bila kumsumbua. Lakini Muscat maji hutolewa baharini, huondolewa chumvi katika mitambo mikubwa, kisha hupelekwa majumbani hadi kwenye matenki ya juu ya dari. Na ghorofa ikiwa juu, tenki nalo huwa juu. Umeme haukatiki kila wiki. Wakati wa joto kali, watu wa Ghuba hupata maji ya moto kutoka bomba la maji baridi bila kuyachemsha, kwa sababu jua limekwisha kuyachemsha darini. Plagi za Oman ni za pini tatu za mraba kama zetu, na nguvu ya umeme wao inakaribiana sana na yetu. Basi plagi iliingia katika soketi ya Maswa moja kwa moja, na hapo ndipo sote tulipodanganyika tukadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Siku ya kwanza mashine ile ilipoanza kukamua nguo ilinguruma, ikatetemeka, ikatoka ukutani na kutembea karibu mita nzima mpaka ikaligonga kabati la vyombo. Watoto walikimbilia nje. Fundi alipokuja aliigeuza, akatuonyesha boliti nne ndefu nyuma yake. Boliti hizo hufungwa kiwandani ili pipa lisicheze safarini, na ni lazima zifunguliwe kabla ya kuwasha. Dada alikuwa hajaambiwa. Wiki iliyofuata povu lilijaa, likatoka kwa juu kupitia droo ya sabuni, likamwagika mpaka kwenye zulia, kwa kuwa alitia kipimo kile kile cha sabuni ya unga atumiacho katika beseni. Mashine ya pipa la kulala hutaka sabuni yenye povu dogo. Ile ya kufulia kwa mikono imetengenezwa itoe povu jingi, maana mfuaji wa mikono huliamini povu kwa macho.

Hata hivyo tusiicheke mashine ile, kwani historia inaonyesha kwamba hata waliozivumbua walihangaika. Mwaka 1937 kampuni ya Bendix iliwauzia Wamarekani mashine ya kwanza ya nyumbani iliyofua, ikasuuza na kukamua yenyewe. Ilikuwa ya mlango wa mbele, na ilitetemeka kiasi kwamba ilibidi ifungwe sakafuni kwa boliti. Baada ya vita, kuanzia mwaka 1947, zikaja za mlango wa juu zilizotulia zaidi, na Wamarekani wakazikumbatia. Walikuwa na nafasi, walikuwa na maji tele, na nyumba zao zilikuwa na tenki la maji ya moto ambayo mashine iliyapokea yakiwa tayari yamepashwa. Lita 150 hazikumnyima mtu usingizi. Baadaye sheria za kuokoa maji na nishati zilipokazwa, mlango wa mbele ukarejea Marekani kama mgeni, ilhali ulizaliwa huko huko.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Bibi zao walizoea kuzichemsha shuka na nguo nyeupe katika sufuria kubwa, na nyumba nyingi hazikuwa na tenki la maji ya moto la kutosha. Kwa hiyo walitaka mashine itakayochemsha maji yenyewe, na ukitaka kuchemsha kwa umeme ni heri uchemshe lita 15 kuliko 60. Nyumba nazo ni ndogo. Ndugu zetu waliohamia London au Leicester watakuambia kwamba mashine imesukumwa chini ya meza ya jikoni, kati ya sinki na kabati, na ingekuwa ya mlango wa juu usingepata pa kuifunulia. Wafaransa wana ya kwao ambayo huwachanganya wauzaji wetu: nyembamba, upana wake sentimeta 40 tu, hufunguliwa juu, lakini pipa lake limelala. Ukikutana nayo katika vyombo vya mtumba usidhani ni ya beseni.

Wajapani hadi leo hupenda mlango wa juu na maji baridi. Wengi wao huchukua hata maji ya josho la jioni na kuyavuta kwa mpira mpaka kwenye mashine, jambo ambalo litamfurahisha kila mwenye kuchukia israfu, ingawa sisi tungekuwa na maswali mawili matatu kuhusu kusuuza. Mwaka 1953 kampuni ya Sanyo ilianza kuwauzia mashine ndogo ya sahani inayozunguka, iliyofuata mfano wa Kiingereza, na katika miaka ile mashine ya kufulia, jokofu na televisheni vilihesabiwa kuwa hazina tatu za nyumba. Ukoo huo wa mashine ndogo za sahani, pamoja na zile za mapipa mawili zilizofuata, ndio uliotapakaa Asia. India, ambako maji ya bomba huja kwa saa maalumu, mama wa nyumbani huijaza mashine kwa ndoo. Na ukoo huo huo, ukipitia viwanda vya China, ndio uliofika Kariakoo, kisha Mwanza, kisha kwa jirani wa dada yangu.

India ndiyo iliyotupa pia neno dobi. Kabla ya mashine, pwani yetu ilikuwa na madobi waliopokea furushi la nguo na kulirudisha limepigwa pasi, na nguo zikipotea kesi ikafika kwa mjumbe. Huku bara mfuaji hakuwa na jina la kazi. Alikuwa mama, na baada yake binti yake mkubwa.

Hilo ndilo jambo lililonifanya niandike. Katika nyumba ya watu wanane, kama ile ya dada yangu, kufua kulikula Jumamosi nzima ya wasichana wawili, na katika miezi ya kiangazi kulikula na jioni ya Ijumaa kwa kuteka maji. Marehemu Hans Rosling, daktari wa Sweden aliyepata kufanya kazi Nacala, Msumbiji, kati ya mwaka 1979 na 1981, alitoa hotuba mwaka 2010 iliyosikilizwa duniani kote kuhusu mashine ya kufulia. Alisimulia kwamba mama yake alipoinunua ya kwanza, bibi yake aliomba aruhusiwe kubonyeza kitufe mwenyewe, kisha akaketi akaitazama tangu mwanzo hadi mwisho, yeye aliyefua kwa mikono maisha yake yote. Na muda uliobaki, mama yake alimpeleka mwanawe maktaba. Nimewahi kuwasikia wanaume wakisema kwamba mashine huwafanya wanawake wavivu. Wenye kusema hivyo hawajawahi kukamua blanketi. Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake mpaka unapofika wakati wa swala, na Hadithi hiyo imo katika Sahihi Bukhari.

Turudi kwenye maji. Mji wa Maswa hunywa maji ya Bwawa la New Sola, lililoko Zanzui. Ni maji ya mvua iliyokingwa, na mvua ya Simiyu ina tabia yake. Wasio na bomba wana visima, wana malambo wanakonyweshea ng'ombe, na mito ya msimu ambayo wakati wa kiangazi hugeuka mchanga mtupu, watu wakachimba humo mpaka maji yatokeze. Ardhi ya mbuga, nyeusi na yenye kunata, ndiyo inayotupa pamba. Na ndiyo pia inayogandamana na pindo la baibui wakati wa masika, ikikauka iwe kama saruji. Maji yenye tope laini huziba vichujio vidogo vilivyo kwenye viungio vya mipira ya mashine. Mwenye mashine ya otomatiki, ya juu au ya mbele, lazima avifungue na kuvisafisha kila mwezi, la sivyo itaanza kulalamika kwamba haina maji hata siku ambayo tenki limejaa. Mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika mkoa wetu umepangwa kuifikia Maswa katika awamu yake ya pili. Siku maji hayo yakifika na yakatoka kwa msukumo usiku na mchana, hesabu ya makala haya itabidi ipigwe upya.

Kwa sasa hesabu ni hii. Mashine ya mapipa mawili ya jirani huhitaji madumu mawili ya maji ya sabuni. Kwanza hufua nyeupe, kisha katika maji yale yale za rangi, kisha nguo za shamba. Kusuuza kunamla madumu mengine manne hadi sita. Kwa lita 120 mpaka 160 amemaliza nguo za wiki. Mashine ya mbele ingemaliza nguo hizo hizo kwa mikupuo miwili na lita 100 au zaidi kidogo. Kwa hiyo tofauti si kubwa kama inavyodhaniwa, mradi maji ya sabuni yatumike zaidi ya mara moja, jambo ambalo mashine ya otomatiki hairuhusu kwa kuwa huyamwaga yenyewe.

Katika umeme tofauti ni kubwa. Motori ya mapipa mawili hula wati 300 au 400, na kwa robo saa ya kuosha hutumia kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Mashine ya mbele ina kipasha maji cha wati 2,000 hivi, na ukiipanga ifue kwa nyuzijoto 60 itamaliza karibu uniti nzima. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU, ambaye uniti moja humfikia takriban shilingi 356 kodi na tozo zikiwamo, hiyo ni tofauti ya shilingi 36 na shilingi 356 kwa mkupuo. Aliye katika daraja la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi aangalie zaidi, kwani kipasha maji kinaweza kumtoa katika daraja hilo bila yeye kujua sababu. Dawa yake ni rahisi: bonyeza alama ya maji baridi. Mashine nyingi za mbele zinayo, na jua la kwetu litamalizia kazi iliyobaki.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya maelekezo vya China na Ulaya havikuliandika, nalo ni twahara. Msomaji mmoja aliniuliza zamani ikiwa nepi ya mtoto iliyofuliwa katika mashine inatwaharika. Jibu linategemea sana namna maji yanavyoingia. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki huyafuata, maji machache, yaani yasiyofikia qulla mbili, hunajisika mara tu najisi inapoingia ndani yake, hata kama rangi, harufu na ladha hazikubadilika. Makadirio ya qulla mbili kwa vipimo vya leo hutofautiana, lakini huzunguka lita 200 na kupita. Pipa la mashine ya nyumbani halifikii kiasi hicho.

Basi mama akijaza mashine ya mapipa mawili madumu mawili ya maji, kisha akatupa humo suruali ya mtoto yenye mkojo, maji yote yamenajisika, pamoja na kanzu, mtandio na shuka zilizomo. Na akiyatumia maji hayo kwa awamu ya pili na ya tatu ili kuokoa, kama tulivyosifu hapo juu, ameieneza najisi katika nguo za nyumba nzima. Hapa ndipo mashine ya mlango wa juu, iliyo rafiki wa maskini, inapotaka mtumiaji mwenye elimu.

Wanachuoni wale wale walipambanua kati ya najisi iliyoyaingilia maji machache na maji yaliyomiminwa juu ya najisi. Yakimiminwa juu ya nguo, baada ya najisi yenyewe kuondolewa, yakapita na kutoka hayajabadilika, nguo imetwaharika hata kama maji yalikuwa machache. Wanatoa ushahidi katika kisa mashuhuri cha bedui aliyekojoa msikitini: Mtume (s.a.w.) hakuwaruhusu Maswahaba wamkemee, bali aliamuru ndoo ya maji imiminwe mahali pale. Kwa mtazamo huu mashine za otomatiki zina nafuu, kwani nguo hutangulia ndani na maji huzijia kutoka juu, kisha humwagwa na kuletwa mapya mara mbili au tatu. Wafuasi wa Imamu Malik wana wepesi zaidi katika suala la maji machache, kwa kuwa kwao jambo la msingi ni kubadilika kwa sifa za maji. Mwenye shaka amuulize ustadhi wa msikiti wake, na ampeleke aione mashine yenyewe. Maswali mengi ya fiqhi huwa mepesi kitu kikiwa mbele ya macho.

Kwa mwenye mapipa mawili utaratibu wa salama si mgumu. Nguo zenye najisi zitengwe tangu kwenye tenga. Najisi iondolewe, nguo iwekwe juu ya jiwe au katika karo, na imiminiwe maji safi mpaka yapite yakiwa safi, ndipo iingie katika mashine pamoja na wenzake kama nguo chafu ya kawaida. Kumbuka pia kwamba maji yaliyobadilika sana kwa sabuni si maji mutlaki. Huondoa uchafu, lakini kutwaharisha ni kazi ya maji matupu. Mashine nyingi za mapipa mawili zina mpira mdogo wa maji juu ya pipa la kukamulia. Watu wengi huupuuza. Nguo zikiwa ndani, ukizimiminia maji kwa mpira huo au kwa kata, kisha ukakamua, umezisuuza kwa maji yanayozijia na kuondoka, na umetumia nusu dumu tu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akioga janaba kwa kiasi cha pishi moja ya maji au zaidi kidogo. Sidhani kama twahara ya suruali moja inahitaji dumu zima.

Mambo machache ya hatari, kwa haraka. Mashine ikiwekwa barazani, waya wa ethi uunganishwe kwa fundi wa kweli, na ekstensheni isilale katika maji. Pipa la kukamulia huzunguka mara zaidi ya elfu moja kwa dakika; lisiguswe mpaka lisimame kabisa. Pipa lililojaa maji lisiachwe wazi palipo na mtoto anayetambaa, na mlango wa mbele ufungwe kila wakati, maana kwa mtoto lile ni pango zuri la kujifichia. Aliyetumiwa mashine kutoka Marekani au Japani asome kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka: kule umeme ni volti 120 au 100, na kwetu ni 230.

Na umeme ukikatika nguo zikiwa ndani ya mashine ya mbele, tafuteni kifuniko kidogo chini upande wa mbele. Nyuma yake pana kichujio, na mara nyingi mpira mwembamba wa kumwagia maji. Wekeni sinia, fungueni taratibu, maji yatoke. Baadhi ya mashine zina hapo hapo uzi wa kufungulia mlango kwa dharura. Ya dada yangu inao. Tuliugundua Jumatatu, siku tatu baada ya Ijumaa ile.

Bei nayo ina neno lake. Kwa kawaida mashine ya mbele huuzwa mara mbili ya bei ya mapipa mawili, au zaidi. Beringi yake ikifa fundi hulazimika kulifumua pipa zima, na kadi yake ya umeme ikiungua kwa volti zilizopanda na kushuka huenda ikaagizwa Dar es Salaam. Mapipa mawili yakikatika mkanda, mkanda hupatikana Mwanza. Kwa upande mwingine, mlango wa mbele huzihurumia nguo zaidi. Nguzo ya mapezi huvuta mitandio laini na kuifunga mafundo, na mama mwenye baibui za thamani ana haki ya kulitazama hilo. Kiuno nacho kina rai yake. Bibi yetu, ambaye ana miaka zaidi ya 70, alijaribu kuinama mbele ya mashine ya mjukuu wake mara moja tu.

Mwaka huu dada na mumewe waliketi pamoja na kupiga hesabu. Mashine ya Muscat imepelekwa Mwanza kwa binti yao, ambaye nyumba yake ni ya ghorofa na bomba lake halikauki, na kaka alipoarifiwa alicheka akasema angeuliza kwanza juu ya urefu wa mnara wa tenki. Pale barazani Maswa sasa pana mapipa mawili ya plastiki. Shemeji hufua kanzu zake mwenyewe siku ya Alhamisi usiku, saa ambayo umeme hutulia, na maji ya mwisho ya kusuuzia, yasiyo na sabuni, huyamwaga kwenye shina la mpera ulio nyuma ya jiko.